Afya ya Uzazi ni ya Nani? Uhakiki wa Msamiati Tunaoufundisha

Katika kozi yetu ya tafsiri, matini za afya ndizo tunazozitumia zaidi kuwapa wanafunzi mazoezi, na sababu ipo. Hapa Cyangugu (wengi wetu bado tunaiita hivyo, ijapokuwa tangu mwaka 2006 wilaya yetu ni Rusizi) Kiswahili si lugha ya darasani tu. Muuguzi wa Kamembe anayempokea mgonjwa aliyevuka mto Ruzizi kutoka Bukavu humsikiliza kwa Kiswahili. Huko Bugarama, ambako Rwanda, Kongo na Burundi zinakaribiana, lugha hii husikika kuanzia sokoni hadi zahanati. Bunge lilipopitisha mwezi Februari 2017 sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi, kazi ya tafsiri ilipata uzito mpya. Kwa hiyo mwanafunzi anayekosea katika karatasi ya afya hapotezi alama peke yake. Anaweza kumpotezea mtu huduma.

Makala hii inahakiki msamiati wa kile tunachokiita afya ya uzazi, kwa kuutazama upande wa watu ambao msamiati huo hauwataji. Ninawazungumzia watu ambao jinsia wanayoishi nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, na wale wasiojihesabu kuwa wanaume wala wanawake. Hoja yangu ni kwamba sarufi ya Kiswahili haina lawama katika jambo hili. Lawama ni ya msamiati wetu, na ya mazoea ya sisi tunaoufundisha.

Nianze na sarufi, maana hapo tuna utajiri ambao hatuutambui. Mfasiri wa Kiingereza au Kifaransa hawezi kuandika sentensi mbili kuhusu mgonjwa bila kuamua kwanza kama ni wa kiume au wa kike. Waandishi wa Kifaransa wamelihangaikia jambo hili hadi mwaka 2021 kamusi ya Le Robert ikaingiza katika toleo lake la intaneti kiwakilishi kipya, "iel", na ugomvi uliofuata ulifika hadi kwa mawaziri. Sisi hatuna haja ya ugomvi huo. "Yeye" ni yeye. Kiambishi a- cha "anaumwa" hakiulizi mtu ameumbwaje, wala "-ake" ya "dawa yake" haiulizi. Kinyarwanda nacho kiko hivyo hivyo. Mtu angeweza kuandikiwa faili zima la hospitali kwa Kiswahili fasaha, tangu siku ya kwanza hadi ya kuruhusiwa, bila jinsia yake kutajwa hata mara moja.

Pamoja na hayo, mara tu tunapofungua karatasi ya afya ya uzazi, jinsia inaingia kwa mlango mwingine. Inaingia kwa "mama". Kliniki ni ya "mama na mtoto". Anayetumia uzazi wa mpango ni "mama". Anayeitwa kupimwa saratani ni "akina mama", au kwa Kiswahili cha jirani zetu wa Bukavu, "bamama". Hata istilahi yenyewe imeegemea upande mmoja: "afya ya uzazi" ni afya ya kuzaa. Kinyarwanda kimekwenda mbali zaidi, kwani "ubuzima bw'imyororokere" inatokana na kororoka, yaani kuzaliana na kuongezeka, na mfugaji yeyote wa hapa atakuambia neno hilo linafanana na lipi la mifugo yake. Mtu asiyetaka kuzaa, aliyepita umri wa kuzaa, au ambaye shida yake ni maambukizi ya zinaa na si mimba, anaingia katika istilahi hii kama mgeni. Wanaume wengi hujiona wageni humo pia. Basi fikiria aliyeandikwa mwanamke na anayeishi kama mwanamume.

Nitoe mfano wa darasani. Katika zoezi moja la mwaka wa tatu palikuwa na sentensi ya Kiingereza iliyosema, kwa maana yake, kwamba yeyote mwenye shingo ya kizazi anahitaji kupimwa saratani ya sehemu hiyo. Karatasi nyingi ziliandika "kila mwanamke". Nilipouliza kwa nini "yeyote" amepotea, mwanafunzi mmoja alijibu kwa unyofu kabisa: "Mwalimu, kwani ni nani mwingine mwenye shingo ya kizazi?" Darasa lilicheka. Lakini swali hilo linastahili jibu la kitaalamu, na jibu lenyewe liko karibu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2011 Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wa shule za msingi dhidi ya virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo kitaifa. Walengwa wakuu walikuwa wasichana wa darasa la sita, wenye umri wa miaka 12 hivi. Leo hao wamepita miaka 25. Miongoni mwao wamo walioorodheshwa kuwa wasichana, wakapanga foleni, wakachanjwa, na ambao sasa wanaishi kama wanaume. Chanjo iliwafikia kwa sababu orodha ya shule iliwataja. Chanjo haiondoi haja ya kupimwa baadaye, na Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mkakati wake wa mwaka 2020 linataka asilimia 70 wapimwe, mara moja kabla ya miaka 35 na tena kabla ya 45. Umri huo utakapowadia, tangazo litakalowaita litasema "akina mama". Je, kijana mwenye ndevu atanyanyuka kwenye benchi?

Huo ndio mwanya ninaouzungumzia. Si mwanya wa heshima peke yake, ingawa heshima nayo ni jambo. Kuna mambo ya kitabibu ambayo hayafiki kwa sababu sentensi inayoyabeba imemwita mtu mwingine. Chukua suala la homoni. Mtu mwenye mfuko wa uzazi anayetumia homoni ya testosteroni anaweza kukaa miezi bila kuona damu ya mwezi, naye akaamini kwamba hawezi kupata mimba. Si kweli. Testosteroni si dawa ya kuzuia mimba. Mimba inaweza kutunga hata damu ikiwa imekoma, na homoni hiyo ni hatari kwa mimba iliyotunga. Onyo hilo ni la sentensi moja. Lakini tukiliandika "mama anayetumia testosteroni" tutakuwa tumemfanyia msomaji mzaha, na tukiliacha nje ya karatasi ya uzazi wa mpango kwa sababu karatasi ni ya akina mama, tutakuwa tumemnyima kabisa.

Tugeukie majina ya viungo, maana hapa ndipo lugha yetu inapofurahisha na kutatiza kwa wakati mmoja. Kiswahili kinaita kiungo cha kiume "uume" na cha kike "uke". Maneno hayo hayo, kwa kiambishi u- cha nomino dhahania, ndiyo yanayotaja hali ya kuwa mume na hali ya kuwa mke. Yaani kiungo na utu vimefungwa katika neno moja. Tunasema "nguvu za kiume" tukimaanisha uwezo wa kiungo. Tunasema "tezi dume", na hapo hata tezi ndogo iliyojificha chini ya kibofu cha mkojo imepewa jinsia ya ng'ombe. Mwanamke aliyeandikiwa mwanamume alipozaliwa bado ana tezi hiyo, na kwa kawaida anabaki nayo hata akiwa amefanyiwa upasuaji. Akizeeka anaweza kuhitaji kuchunguzwa kama wazee wengine. Daktari atamwambiaje? "Bibi, tukupime tezi dume"?

Wanafunzi wangu hupenda kuitetea tasfida kongwe ya "sehemu za siri", ambayo sisi wahakiki wa lugha ya afya tumeikejeli kwa miaka mingi kwa sababu haielezi kitu. Nakiri ina sifa moja ambayo hatukuiona: haina jinsia. Ila haitoshi. Mgonjwa mwenye kidonda anahitaji neno linaloonyesha kidonda kiko wapi. Pendekezo langu kwa wanaofunzwa ukalimani ni jepesi: mwulize mgonjwa yeye huviitaje viungo vyake, kisha tumia maneno yake chumbani, na uandike istilahi ya kawaida katika faili. Wakalimani wazuri hufanya hivyo kwa wazee wa vijijini, ambao nao wana maneno yao. Si utaratibu mpya.

Kuna kitenzi kimoja ambacho pia hakina budi kuangaliwa. Fomu nyingi huuliza hali ya ndoa, na mwandishi wa fomu akitafsiri kwa mdomo huuliza "umeoa?" au "umeolewa?" Kauli ya kutenda ni ya mwanamume, kauli ya kutendwa ni ya mwanamke. Hapo mnyambuliko umefanya kazi ambayo kiambishi a- kilikataa kuifanya. Mwulizaji lazima aamue kwa kumtazama mtu usoni, na akikosea, mazungumzo yameharibika kabla ya ugonjwa kutajwa. Dawa ya tatizo hili tunayo tayari, tena ya muda mrefu. Waandishi wa Kiswahili wa masuala ya UKIMWI walilipa uhai neno "mwenza", na leo muuguzi huuliza "una mwenza?" bila kujikwaa. Neno hilo lilihitajika kwa sababu virusi havikujali nani ameoa na nani ameolewa.

Nimeutaja UKIMWI kwa makusudi. Wale tuliosoma shahada ya uzamili Afrika Mashariki katika miaka ile tunakumbuka lugha ilivyokuwa. Mtaani mgonjwa alisemwa kuwa "amekanyaga waya". Katika maandishi ya heshima aliitwa "mwathirika". Kisha wenyewe walikataa, na polepole "watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI" ikashika nafasi, na Tanzania ikapata hata kifupi chake, WAVIU. Nani leo anaona ugumu kusema "anaishi na virusi"? Wanaosema kwamba msamiati wa afya haubadiliki kwa kuwa utamaduni haubadiliki wamesahau kwamba waliubadilisha wao wenyewe.

Hata hivyo si kila neno lililotoka katika programu hizo ni zuri. WHO huwataja watu ninaowazungumzia kuwa miongoni mwa makundi matano yanayopewa kipaumbele katika miongozo ya VVU, homa ya ini na maambukizi ya zinaa, mwongozo wa karibuni ukiwa wa mwaka 2022. Baadhi ya wafasiri wameyaita "makundi maalumu". Lakini Tanzania tangu mwaka 2022 ina Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na humo makundi maalumu ni wazee, watoto na wafanyabiashara wadogo. Neno moja haliwezi kumbeba bibi kizee wa Kigoma na kijana anayetafuta dawa kinga ya VVU. Tena uficho wa namna hii haumlindi mtu. Mwezi Februari 2017 serikali ya Tanzania ilipositisha huduma za VVU kwa makundi haya katika vituo 40, kila mtu alielewa wanaokusudiwa ni akina nani.

Na tuwaite nani? Hapa lazima nikosoe istilahi mbili zinazotumika sana katika magazeti. Ya kwanza ni "aliyebadili jinsia". Kiambishi -li- kinasema tendo limekwisha, na kitenzi kinasema palikuwa na tendo. Msomaji hufikiria upasuaji. Wengi wa watu hawa hawajafanyiwa upasuaji wowote, na wengine hawautaki. Nao wenyewe huona kwamba hawakubadili kitu, bali walijieleza. Ya pili ni "watu wa jinsia mbili", ambayo huwachanganya na huntha. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike kamili wala ya kiume kamili. Hilo ni suala la mwili tangu tumboni.

Kenya inatupa mifano ya kutofautisha. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mtoto huntha aliyejulikana kama Mtoto A. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja watoto wa namna hiyo. Kesi ya Audrey Mbugua ni nyingine kabisa. Yeye si huntha, bali ni mwanamke ambaye cheti chake cha shule kilikuwa na jina la kiume. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe cheti chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Kesi mbili, mwaka mmoja, mji mmoja, na bado kuna walioziandika kwa neno moja. Katika zahanati kosa hilo lina gharama, kwa sababu mahitaji ya mtoto huntha na ya mtu mzima anayetumia homoni hayafanani.

Wapo watakaosema msamiati huu wote ni wa kuletwa na wafadhili. Nawaomba wafungue vitabu vyao. Mwanafunzi wa fiqhi anajua kwamba mirathi ya huntha ina mlango wake tangu karne nyingi. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anakutana na "towashi" katika Mathayo 19, na humo wamo waliozaliwa hivyo. Kinyarwanda kina "igishegabo" kwa mwanamke anayejifanya dume na "inganzwa" kwa mwanamume anayetawaliwa na mkewe. Kiswahili cha pwani kina "hanithi", kutoka Kiarabu, ambalo kamusi zetu hulieleza kwa mwanamume asiye na nguvu, ilhali neno hilo huko Oman liliendelea kumtaja mtu anayeishi kati ya wanaume na wanawake. Mtaalamu Unni Wikan alilichunguza Sohar na kuchapisha makala yake mwaka 1977. Gill Shepherd, aliyeijua Mombasa, alimpinga mwaka uliofuata, na mjadala wao bado unasomeka vizuri. "Shoga" nalo ni neno la upendo kati ya wanawake wa Unguja na Mombasa, kabla ya kuwa tusi kwa mwanamume.

Ninayataja haya kuonyesha kwamba watu hawakuanza kuwapo jana. Sisemi tuyarudishe. Mengi ya maneno haya ni matusi, na mshairi wa pwani aliyesema "hanithi" hakumaanisha kile anachokimaanisha kijana wa Kamembe anapojieleza leo. Kwa sasa naona afadhali maelezo marefu yaliyo sahihi kuliko neno fupi lenye kosa: "mtu ambaye jinsia anayoishi si aliyoandikiwa". Linachosha ulimi, nakubali. Baadhi ya wenyewe hutumia mkopo, "transijenda" au "transi" tu. Wenye jina wakikubaliana, kamusi itafuata, kama ilivyofuata kwa WAVIU.

Pingamizi lililo zito kwangu ni jingine, na lilitoka kwa mwenzetu wa idara aliyewahi kufanya kazi ya uhamasishaji vijijini. Alisema: ukiandika "yeyote mwenye shingo ya kizazi", bibi wa Bweyeye hatajua kwamba anaambiwa yeye. Hajui kama ana kitu hicho. Neno "mama" analijua. Ana haki. Lugha inayomwona mmoja kwa kumpoteza mwingine si tafsiri bora. Lakini hatulazimiki kuchagua. Kiswahili kinaruhusu kuandika: "Wanawake wote, na yeyote mwingine mwenye mfuko wa uzazi, wafike kupimwa." Maneno saba yameongezwa. Bibi amebaki mwanzoni mwa sentensi, na yule kijana amepewa mahali pa kukaa.

Hata benchi la kungojea lina suluhisho lake, na hapa Rwanda tuna bahati. Kitambulisho chetu kinaandika Gabo au Gore, na muuguzi akiita "Mama" au "Bwana" kwa kufuata kadi, watu wote wageuka kutazama. Lakini majina yetu mengi ya Kinyarwanda, kama Uwimana au Niyonsaba, hayana jinsia. Kuita jina hilo peke yake kunatosha. (Wenye Muka- mbele ya majina yao ni suala jingine, hao waulizwe.)

Sheria nazo zina nafasi yake, nami nazipitia haraka kwa kuwa si fani yangu. Sheria ya Rwanda ya makosa na adhabu ya mwaka 2018 haina kosa la mapenzi ya jinsia moja. Burundi iliyaingiza katika sheria yake mwaka 2009, na Uganda ilikaza zaidi mwaka 2023. Watu ninaowazungumzia huhesabiwa humo hata pale ambapo suala lao si hilo. WHO kwa upande wake iliiondoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Iliihamishia katika sura ya afya ya ngono. Mfasiri anayeandika leo "ugonjwa wa akili" atakuwa anatafsiri kitabu kilichokwisha kufungwa.

Muhula ujao zoezi lile litatolewa tena, safari hii pamoja na fomu ya kumpokea mgonjwa na karatasi ya uzazi wa mpango. Wanafunzi watatakiwa kuandika matini mbili, moja ya ukutani na moja ya mkalimani chumbani, na kutetea kila "mama" wanayoiacha na kila wanayoiondoa. Kuhusu "tezi dume" bado sina pendekezo linaloniridhisha. "Tezi ya chini ya kibofu" ni sahihi lakini hakuna mgonjwa anayelijua. Wasomaji wenye neno bora walilete idarani.